Kanopi Inakula Mafuta

"Tazama mshale," Bhekizitha alisema. "Tazama kwa macho yako, maana mimi nikisema unaona naongopa."

Mshale wa mafuta ulikuwa umeipita nusu, na Greytown ndiyo kwanza walikuwa wameiacha nyuma. Asubuhi, alipotoka nyumbani kwenda Mooi River, tangi lilikuwa limejaa pomoni.

"Ni hiyo kanopi yako. Nilikuambia, ukanijibu kama mtu aliyesomea upepo."

Akakitupia jicho kiti cha mdogo wake, kisha akaongeza gia.

Ugomvi wao ulikuwa wa kijinga, na Pomeroy nzima iliujua. Mfanafuthi, ambaye ndiye mdogo, alinunua kanopi ya mtumba, lile paa la kufunikia nyuma ya pikapu, akaifunga kwenye gari la kaka yake bila hata kuomba. Alidai kwamba nyuma kukiwa wazi upepo hutumbukia ndani, ukagonga mlango wa nyuma, na gari likawa kama ng'ombe aliyeshikwa mkia. Pakifunikwa, upepo huteleza juu na mafuta yakabaki. Bhekizitha akasema zigo ni zigo, hata ulipake rangi. Maneno yakazaa matusi, na matusi yakamfikia hadi marehemu baba yao. Mfanafuthi akafunga begi, akaenda kutafuta kazi Mooi River, na mwaka mzima hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kanopi ikafunguliwa, ikageuzwa banda la kuku.

Jana mama yao, MaSithole, alitoa amri.

"Fukuza hao kuku. Ioshe, uifunge mahali pake. Mwanangu atarudi gari likiwa vile alivyolipenda. Na wewe mdomo wako naujua, Bhekizitha: usimseme njiani. Ukimuudhi atashuka, na akishashuka hatutampata tena."

Ndiyo maana vituo vya mafuta alivipita vyote akivikodolea macho tu. Pesa alikuwa nayo mfukoni. Lakini kusimama ni kumpa mtu nafasi ya kushuka, na yeye hakuwa tayari kurudi kwa mama mikono mitupu.

Aliyefanikiwa kumsimamisha ni askari wa barabarani, pale Keates Drift. Aliinama dirishani kudai leseni, akatupa jicho kwenye kiti cha abiria, akavua kofia. Akawapungia mkono wapite. Bhekizitha hakumsalimu wala hakumshukuru.

"Sasa tunavuka Thukela," alimwambia mdogo wake darajani, kama alivyomtajia kila mto na kila njia panda, utadhani alikuwa amempakia mgeni. "Mbele yetu ni kile kilima. Leo tutauona huo upepo wako unaoteleza."

Kilima cha kupandia Pomeroy hakina huruma na gari kuukuu. Pikapu ililia kwa gia ya pili, mshale ukaugusa wekundu. Bhekizitha naye alichemka. Alikuwa amejizuia tangu Mooi River, na kujizuia hakukuwa kipaji chake.

"Mwaka mzima," alisema. "Mama miguu imevimba, hukuja. Nimeoza binti, ng'ombe wameingia zizini, watu wananiuliza mdogo wako yuko wapi, nacheka kama punguani. Hukuja. Kisa nini? Bati."

Akangoja.

"Utasema si bati, ni faiba. Haya, sema. Sema basi!"

Kimya. Kimya hicho ndicho kilichompandisha wazimu.

"Basi kama umekuja kuninunia, shuka. Shuka hapa hapa. Angalau gari litapungua uzito."

Neno likitoka halirudi. Bhekizitha aligeuza kichwa ghafla. Aliutazama mlango wa abiria. Ulikuwa umefungwa, lakini hilo halikumpa faraja yoyote.

"Nimetania," alisema, na sauti ilikuwa imeshabadilika. "Mwana wa mama, nimetania. Kaa. Usinifanyie hivyo, nitamwambia nini mama?"

Alianza kulia huku akibadili gia, mtu mzima na ndevu zake, na kulia kwenyewe kukamwongezea hasira.

"Haya, umeshinda. Haili mafuta. Niliifungua kanopi yako, na wiki ile ile nikajua. Gari likawa linakunywa kuliko mwanzo. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshaapa mbele za watu. Umesikia? Sitarudia. Sasa twende nyumbani."

Pikapu ilikata kona ya mwisho ya kilima ikikohoa. Njia ya vumbi ya kwao ilikuwa mkono wa kulia, naye akamtajia.

Uani watu walikuwa wamejaa, wanawake wamejifunika mablanketi mabegani. Hakuna aliyemsalimu Bhekizitha, naye hakumsalimu mtu. MaSithole alisogea hadi kwenye mlango wa abiria, akasimama kwa miguu yake ile iliyovimba, akamkagua mwanawe mkubwa usoni, machozi na vumbi.

"Mmegombana," alisema.

Bhekizitha hakumjibu mama yake. Alizunguka mbele ya gari, akaufungua mlango wa upande wa pili, akainama kama mtu anayeongea na mtoto aliyesinzia.

"Tumefika, Mvelase," alisema kwa jina la ukoo wao. "Shuka, tafadhali."

Kisha akaufungua mkanda wa kiti, akalinyanyua kwa mikono miwili tawi la mkunazi, lile ambalo kwa mila yao hubeba roho ya marehemu hadi nyumbani na mbebaji haongei na mtu mwingine njiani, alilolivunja asubuhi ile kando ya barabara, pale lori lilipomgonga mdogo wake, akaingia nalo ndani na kulilaza juu ya jeneza.