Mbayuwayu wa Kwanza

Kila Septemba, mbayuwayu wa kwanza kutoka Ulaya akionekana katika kata, malango ya kata hiyo hufungwa hadi Aprili ili ndege wasisumbuliwe. Hatoki mtu, haingii mtu.

Tusekile, mhesabu ndege wa kata, alimwona asubuhi juu ya bwawa la majitaka: koo la rangi ya kutu, mkia wenye panda mbili ndefu. Mumewe, Lutengano, alikuwa njiani kutoka mgodini. Mtoto wao, Sekela, alikuwa na miezi minne, na baba yake alikuwa hajawahi kumbeba.

“Andika teleka,” mama mkwe alisema. “Teleka ni ndege wa hapahapa, hafungi mtu.”

“Mama, hata mwanafunzi hakosei hivyo.”

“Leo jitie upofu, mkwe wangu. Mwanangu yuko barabarani.”

Tusekile akaandika teleka. Kwa miaka tisa hakuwahi kukosea ndege.

Saa sita mchana simu ikaita. Alikuwa Lutengano.

“Mama Sekela, nilishuka kunywa chai kata ya jirani. Wamefunga malango.”

“Nani kawaambia?”

“Mhesabu wao. Mama mmoja mwaminifu kwelikweli. Watu wanampigia makofi.”

Mtoto alianza kulia. Tusekile akaisogeza simu mdomoni pa mtoto.