Asiyekaa Matanga

Siku ya tatu ya msiba, Mwaisha alikuwa bado amesimama.

Ukumbi wa Bi Fatuma, pale mtaani Chikongola, ulijaa wanawake waliokaa mikekani, na katikati yao ilibaki nafasi moja, ya pacha wa marehemu. Mwaisha aliegemea ukuta, baibui pana limemfunika. Chai alikunywa amesimama. Wali aliletewa, akaula amesimama.

"Matanga yanakaliwa, hayasimamiwi," alinong'ona Mama Thabiti, jirani. Minong'ono yake husikika hadi barabarani.

Mwanzoni walimhurumia. Alipouleta mwili wa pacha wake, Rukia, kutoka Dar es Salaam, alipiga magoti kando ya jeneza njia nzima, na waliowapokea walilia kwa kumwona. Lakini huruma nayo huchoka. Siku ya pili alisali adhuhuri bila kukaa tahiyatu; alitoa salamu akiwa wima. Hapo hata wasiosali wakaanza kuuliza maswali.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Rukia alikuwa akionekana.

Mama Thabiti ndiye aliyetangulia kumwona, asubuhi, akielekea bafuni uani kwa khanga moja, mwendo uleule uliokuwa ukiwasahaulisha vijana wa sokoni kurudisha chenji. Alipiga yowe, ndoo ikamtoka. Asingeweza kumfananisha na Mwaisha. Mapacha wale walikuwa sura moja, lakini Rukia alijaaliwa nyuma, na Mwaisha tangu unyagoni aliitwa Pasi, kwa kuwa nyuma alikuwa bapa. Jina hilo lilimfuata hadi kwa waume wawili, na wote wawili walimwacha.

Kesho yake akaonwa na Bi Fatuma mwenyewe. "Rukia!" aliita. Aliyeitwa akageuka, sura ya Rukia, macho yamejaa machozi, kisha akaingia ndani upesi. Bi Fatuma alikaa palepale mchangani akalia kwa uchungu na kwa furaha, maana kwa muda mfupi alikuwa amempata mwanawe.

"Roho ya pacha haiondoki," walisema wanawake. "Inatafuta pa kukaa."

Safari ya Rukia kwenda kwa pacha wake Dar, Bi Fatuma aliikumbuka yote, na kila alipoikumbuka ilimchoma. Rukia alikuwa akifunga mkoba huku anacheka.

"Mwenzangu anataka mafuta, mama. Nnampelekea."

"Kwani Dar hakuna mafuta?"

"Haya ya kwetu ndiyo yatakayomkubali."

Basi Bi Fatuma akamfungia chupa mbili za mafuta ya nazi, aliyoyapika kwa mkono wake. Baada ya siku chache Mwaisha akapiga simu: Rukia amefia hospitali, operesheni ya tumbo. Kisha akakata simu. Chupa zilirudi pamoja na jeneza, hazijafunguliwa.

Shangazi Tatu, aliyemwosha marehemu, aliona vitundu vidogo badala ya mshono wa operesheni, na tumbo lililonywea kama mfuko uliomwagwa unga. Mwosha maiti hasimulii alichokiona, naye hakusimulia. Ila tangu siku hiyo alikuwa akimtazama sana Mwaisha.

Sasa khitima ilikuwa imesomwa. Kilichobaki ni dua, matanga yaanuliwe. Bi Fatuma alinyanyuka kutoka mkekani, akamwendea binti yake.

"Njoo ukae."

"Siwezi, mama."

"Wanasema wewe ndiye uliyemuua mwenzio. Kaa, mwanangu, wakuone nawe una uchungu."

"Ninao, mama. Lakini siwezi."

"Usipokaa leo, ukitoka hapa usinihesabu tena mama."

Ukumbi mzima uligeuka kutazama, Mama Thabiti wa kwanza. Mwaisha alizidi kuegemea ukuta. Mume hakuwa naye, ndugu alikuwa amemzika. Mama ndiye pekee aliyebaki.

"Mwache, wifi," alisema Shangazi Tatu taratibu.

Bi Fatuma hakumwacha. Alimvuta kwa nguvu, akambandua ukutani, akamzungushia mkono kiunoni ili amkalishe kwenye ile nafasi. Mkono uliteleza juu ya baibui, ukashuka nyuma, ukakuta pamejaa, ukasimama. Bi Fatuma alimtazama mwanawe usoni, kisha akautazama mkono wake mwenyewe.

"Yale mafuta, mama," alisema Mwaisha. "Ni ya mwilini mwake, alitolewa yeye nikatiwa mimi. Bado yako hai, na daktari kasema nikiyakalia, yatakufa."