Hotuba ya Rais

Jioni ile rais alipoanza kuhutubia taifa, Mwanakheri alikuwa sebuleni kwa jirani yake, Bi Ruzuna, pamoja na wanawake wengine waliokuja kusikiliza redio. Sauti ilikuwa nzito na tamu, kama ya baba anayembembeleza mtoto alale. Wanawake walifumba macho, na vita vikawa kama jambo la nchi nyingine.

"Tunashinda," rais alisema. "Kule mpakani hatujapoteza hata kijana mmoja."

Wote wakapiga makofi, isipokuwa Mwanakheri. Asubuhi askari wawili walikuwa wamemletea saa ya mwanawe, Shaali, wakamwambia amezikwa hukohuko. Hakuwa amemwambia mtu.

Akainuka, akaizima redio.

"Shoga, vipi tena?" Bi Ruzuna akashangaa.

"Yupo mmoja," Mwanakheri alisema. "Shaali wangu."

Hakuna aliyeiwasha tena. Mwanakheri akatoka, na hotuba ikamfuata dirisha hadi dirisha. Lakini wanawake wale walimpita mbio, wakipiga hodi kila mlango. Redio zikanyamaza nyumba baada ya nyumba, mpaka mtaani ukasikika upepo tu, na kandambili za watu waliokuwa wakitoka nje.