Sahani Juu ya Beseni

Katekista alifunga Biblia, na Wakristo wa shirika, jumuiya yao ndogo ya mtaa, waliobanana sebuleni kwa Maman Delphine, huko Kasha, wakafumba macho wakitafakari Neno kimyakimya.

Delphine alifumba jicho moja tu. La pili lililinda unga wa beignets, maandazi ya kukaanga, alioukanda mchana, uliokuwa chini ya meza ndani ya beseni lililofunikwa sahani ya chuma.

Neno la leo lilimtatiza tangu zamani. Eti Ufalme wa Mungu ni kama chachu ambayo mwanamke aliificha katika unga mwingi, mpaka wote ukachacha. Kwa Delphine, kilichochacha ni maharage ya juzi, na hayo humwagwa. Mwaka jana aliuliza ni ufalme gani huo unaochacha. Walimcheka, na tangu siku hiyo hakufungua tena mdomo shirikani.

Sahani ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Macho yote yakafumbuka.

"Maman Delphine, kuko nini pale?" aliuliza katekista.

"Pardon, papa. Ni levire njo imesukuma sahani. Nilitia kijiko moja tu, lakini unga yote..."

Unga ulikuwa umevimba kwa hamira hiyo hadi kupita ukingo wa beseni, ukitoa vipovu vidogo kana kwamba unapumua. Akautazama, akaitazama Biblia, akautazama tena unga. Miaka kumi na miwili amekuwa akiukanda kwa levire, bila kujua kwamba ndiyo chachu ya Neno.

Akaanza kucheka peke yake.

"Papa, soma tena," alisema, akilivuta beseni katikati ya chumba. "Leo mimi njo nitaeleza."