Barua ya Mtu wa Nyumbani

Siku hizi barua ya kuomba kazi ya urubani haiandikwi na mwombaji. Huandikwa na yule ambaye angemlilia, na mtambo unaoisoma mtandaoni huirudisha papo hapo ukiona woga ndani yake. Ndiyo maana Bi Apaikunda alikuwa ameketi jikoni, simu mkononi, maharage yakichemka, na bintiye Nakijwa akichungulia begani.

"Mama, usiandike 'mwanangu pekee aliyebaki.' Watakataa."

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo, ni adabu tu. Wasalimie, sema umeridhia, washukuru, basi."

Bi Apaikunda akafuta. Adabu hiyo aliijua. Alikwisha kumwandikia kaka yake Nakijwa barua nzuri mno. Kijana akaajiriwa, na ndege yake haijaonekana hadi leo.

Akatuma. Barua ikarudi: *Tunasikia hofu.* Akaandika tena, ikarudi tena.

"Mama, leo ndiyo mwisho wa kupokea maombi," Nakijwa alisema. "Nimesomea kitu hiki ujana wangu wote."

Bi Apaikunda akafumba macho kwa muda mrefu, mabega yakamshuka. Kisha akaandika taratibu, bila kufuta neno, akatuma. Safari hii ilipokelewa.

Nakijwa alimrukia kwa furaha. "Umewaambia nini, mama?"

"Kwamba nimeridhia."

Akainuka kukoroga maharage. Hakumwambia kwamba ili woga umtoke, ilimbidi kwanza amzike bintiye moyoni.