Waya Mweusi Penye Chanya

Uvumi ule Yuliana aliuokota bombani, ukamganda kama kupe: betri ya sola ikichoka, geuza nyaya zake, itazinduka.

"Mie yangu niliigeuza, ikaamka," alisema jirani akijitwisha ndoo. "Kwani shoga, betri za redio si tunazianika juani zinafufuka?"

Kwao Chanika umeme wa nguzo haujafika. Mashine ya pumu ya mwanawe iliitegemea betri ya sola tu, na mchana ule ilikoroma, ikazima, barakoa ikiwa bado usoni mwa mtoto.

"Mama, iwashe," alisema, mbavu zikipanda na kushuka kama mvukuto.

"Naiwasha, baba. Usiongee."

Fundi alishamwonya: waya mwekundu ni wa chanya, mweusi ni wa hasi, usije ukathubutu kuzibadilisha. Lakini fundi hakuwapo kuzisikia mbavu zile.

Akazifungua nyaya zote mbili. Mwekundu akaufunga penye hasi. Ncha ya mweusi ilikuwa na ukungu wa kijani. Akaifuta kwa pindo la kanga, polepole, kama anayemfuta mtoto kamasi. Kisha akaigusisha kwenye chanya.

Cheche zikaruka. Pale palipotoka mvuke wa dawa ukatoka moshi, na harufu ya plastiki ikajaa chumba.

"Mama?"

Usigeuze nyaya za betri.
Usitibu betri kwa maneno ya bombani.
Usikae na mashine ya mtoto bila betri ya akiba.
Usimwambie mtoto "naiwasha" kama hujui itawaka.