Mwenzetu wa Ugavi Hujibu Upesi

Ijulikane kwa walio karibu na walio mbali kwamba barua pepe isiyo na salamu ni sawa na mtu aliyeingia ukumbini bila suruali. Hekima hii ilitoka kwa meneja wetu, aliyeituma kwa wafanyakazi wote. Barua yenyewe haikuwa na salamu.

Meneja aliishi ghorofa ya juu kama kuku anayeatamia. Hakushuka ngazi, hakupiga simu, hakumjua mtu kwa sura. Alitujua kwa barua pepe tu, na hizo hakuzisoma, alizikagua. Salamu ipo? Kichwa cha habari kipo? Mwisho pana "Wako mtiifu"? Kilichokuwa katikati aliwaachia wenye muda.

Aliyeteseka zaidi ni dada wa mapokezi. Bomba lilipopasuka aliandika, "Maji yanaingia kwenye mafaili." Jibu likamjia: aanze kwa kumjulia hali mpokeaji. Alipomaliza kumjulia hali, mafaili yalikuwa yanaelea.

"Weka salamu tu, dada," dereva alimshauri. "Salamu haitozwi ushuru."

"Nyumba ikiungua nianze na 'natumaini hujambo'?"

"Anza nayo. Ukiungua, utaungua na adabu zako."

Hakucheka. Mshahara wake ndio uliowalisha wadogo zake, na makao makuu yalikuwa yameagiza nafasi moja ya kazi ipunguzwe. Kila mtu alijua kalamu nyekundu ya meneja inaelekea wapi.

Kipenzi cha meneja alikuwa mwenzetu wa ugavi. Huyo hakubishana, hakulalamika, hakuchelewa. Meneja aliagiza karatasi, na kabla hajatoa kidole kwenye kitufe, jibu likafika: "Mheshimiwa, salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupokea kwa furaha. Utashughulikiwa inavyostahili. Wako mtiifu." Karatasi hazikuja. Meneja akakumbusha, akajibiwa kwa utamu uleule. Hazikuja tena, naye akazidi kumpenda. Mtu wa namna hiyo ukimpa unyenyekevu, hana haja ya karatasi.

Siku ya hukumu, meneja alishuka. Tulikusanyika ukumbini. Fundi wa kompyuta, mtu mpole mwenye sura ya malaika, alimwashia projekta na kurudi nyuma kwa heshima.

"Mnamwona mwenzenu wa ugavi?" meneja alianza. "Huo ndio mfano. Hata Jumapili anajibu. Hata umeme ukikatika anajibu."

Fundi wa kompyuta akakohoa.

Dereva alivua kofia. Mama wa usafi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Meneja aliona machozi yale, akapandisha sauti; alidhani adabu imewaingia.

"Na sasa aibu." Aliinua karatasi iliyojaa wino mwekundu. "Barua ya dada wa mapokezi, ya mwezi uliopita. Salamu hakuna. Kichwa cha habari hakuna. Imeishia hewani kama mkia wa mjusi. Nilimrudishia, hakuiandika upya. Kwa hiyo nafasi inayopunguzwa ni ya mapokezi, na kazi zake atazichukua mwenzetu wa ugavi. Asimame tumpigie makofi."

Hakusimama mtu. Kiti kimoja kililia, na dada wa mapokezi akainuka, akajitaja.

"Sikukuita wewe."

"Najua, bosi. Hiyo uliyoishika, isome katikati."

"Katikati?"

"Pale penye maneno."

Meneja alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kwa dharau, mpaka dharau ikamkauka mdomoni: "Mwenzetu wa ugavi amefariki alfajiri. Tunazika kesho."



"Nafasi ya kupunguza ilishapungua, bosi," alisema dada wa mapokezi, akaketi kwenye kiti chake kama mtu anayejua ni chake.

Meneja alitoa simu. Akaandika, akatuma. Simu ikalia palepale mkononi mwake: Mheshimiwa, salamu nyingi.

Hapo vichwa vyote vikamgeukia fundi wa kompyuta, ambaye ndiye pekee aliyetakiwa kuifunga anwani ya marehemu pamoja na jibu lake linalojituma lenyewe. Alikohoa tena, lakini kikohozi hakikumsaidia; basi nakiri ni mimi, na lile "kwa furaha" nililiongeza baada ya mazishi.